Fatiha Juu ya Hoja Tatu

Kwa miaka ishirini na sita nilikaa kwenye meza ndogo pembeni ya meza kubwa, nikiandika walichosema wakubwa na, mara nyingi zaidi, walichopaswa kuwa wamesema. Nilikuwa mwandishi wa vikao katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, maana bado nakwenda pale kuulizia faili langu. Nilistaafu na vitu viwili: nyumba ya vyumba vitatu hapa Mkuza, na ujuzi wa kanuni za mijadala ambao hakuna mtu Kibaha nzima aliyewahi kuuhitaji baada ya saa za kazi.

Mke wangu aliuvumilia ujuzi huo kama watu wanavyomvumilia jirani mwenye jogoo. Nikisema mezani kwamba hoja iliyo mbele yetu ni dagaa au maharage, yeye alikuwa ameshapakua kisamvu. "Hapa si barazani," aliniambia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na kwa kweli hapakuwa barazani, kwa sababu barazani mimi ndiye niliyekuwa najua kinachoendelea.

Kwao ni Vihingo, Kisarawe. Ni Waislamu wa tangu na tangu, wakulima wa mihogo na korosho. Mimi ni mtu wa bara, Mlutheri. Tulioana bomani, baada ya ukoo wao kukaa kikao kizima kujadili kama inawezekana. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuuandika muhtasari wake. Mjomba wake alipinga kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Kwao kuna desturi kwamba mwenye jambo husema mwisho, na neno lake likishatoka husomwa Fatiha, na Fatiha ikishasomwa hakuna tena wa kufungua mdomo. Siku hiyo mwenye jambo alikuwa mama yake, aliyekuwa ameketi kimya muda wote akichambua mchele. Zamu yake ilipofika alisema, "Mtoto ameshapenda. Mtu akishapenda mnamjadili nini? Al-Fatiha." Wakainua mikono, wakajipangusa uso, nami nikapata mke.

Basi huyo ndiye mama mkwe wangu, na inabidi niseme wazi kwamba nilimwogopa. Hakuwahi kunifanyia ubaya wowote. Ni mambo ya kwetu tu. Kwetu bara, mama mkwe akitokea njiani mwanamume anaingia kichakani, hata kama kichaka kina upupu. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hampeani vitu mkono kwa mkono. Nimeishi Pwani miaka thelathini, nimejifunza kula pweza na kusema "bwana wee", lakini hilo la mama mkwe lilikataa kunitoka. Kila tulipokwenda Vihingo nilikuwa naegesha gari mbali kidogo, nikakohoa, nikasubiri mtu anione.

Wakwe zangu waligundua ujuzi wangu kwa bahati mbaya. Vikao vyao vilikuwa havina mwisho. Kimoja kilianza na mpaka wa shamba kikaishia kwenye swali la nani hakuchangia kuni kwenye harusi ya mtu ambaye ameshaachika. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasema kwamba watu wazima wanaweza kujadili jambo moja likaisha kabla ya jingine kuanza, ziko kanuni. Wakatazamana. Mjomba, yule yule, akasema, "Basi mkwe atuongoze. Mtu wa bara hana upande." Tangu siku hiyo nikawa mwenyekiti wa kudumu wa ukoo usio wangu.

Nakiri kwamba niliipenda kazi hiyo. Niliwafundisha kunyoosha kidole. Niliwafundisha kuunga mkono hoja. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi Dar na kutazama bunge kwenye televisheni zaidi kuliko mpira, akaanza kusimama na kusema "Taarifa, Mwenyekiti!" hata alipokuwa anaomba maji. Nikawaeleza pia jambo ambalo wajumbe wengi wa halmashauri wamestaafu bila kulielewa: kwamba hoja zikipandana mezani ni kama sahani zilizopangwa, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Huwezi kupigia kura hoja ya msingi wakati marekebisho yameikalia kichwani. Na mtu akitaka mjadala ufungwe, akakubaliwa, hoja zile hazifi. Zinabaki pale pale zikisubiri kura. Kinachokufa ni maneno.

Kuna la ziada, na hili ndilo nililokuwa nalisisitiza kwa kidole. Aliyetaka mjadala ufungwe asipofafanua anafunga ngapi, amefunga ule wa hoja ya juu peke yake. Zilizo chini bado ziko wazi, na mwenye la kusema juu yake anayo haki ya kusema. Halafu kufunga kwenyewe kunahitaji theluthi mbili ya waliopo, kwa sababu kumnyamazisha mtu si jambo la kuachiwa wengi waliozidi kidogo. Niliyasema haya Vihingo zaidi ya mara moja, chini ya turubai, watu wakitikisa vichwa. Mama mkwe alikuwa anasikiliza toka kwenye mkeka wake mlangoni. Hakuwahi kuuliza swali.

Sasa, mwaka juzi, kabla ya vuli, mke wangu aliniambia kwamba mama amezeeka. Nilijua. Aliniambia ana sukari, miguu inavimba, na kila kliniki ya hospitali ya Tumbi, hapa Kibaha, ni safari ya siku nzima kutoka Vihingo. Nilijua pia. Kisha akasema, "Nataka aje akae na sisi." Hilo sikulijua.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na bafu moja, na bafu hilo liko mwisho wa korido. Kutoka chumbani kwangu hadi bafuni ni hatua tisa. Kwa miaka yote nimezitembea hatua hizo asubuhi nikiwa nimejifunga taulo. Ndicho kitu cha kwanza nilichofikiria, naomba mnisamehe: si miguu ya mama wa watu iliyovimba, bali taulo langu. Kijana aliyetoroka kutoka kwa mama mkwe njiani, sasa mama mkwe anamfuata koridoni!

"Wewe unaonaje?" mke wangu aliniuliza.

"Jambo hili ni la ukoo," nikasema. "Likae kikaoni. Mimi ni mwenyekiti, sina upande."

Akasema sawa. Nilijisikia mwerevu sana siku ile.

Kikao kilikaa Jumamosi. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na jiko, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, na jikoni pilau lilikuwa limeshaanza kunukia, jambo ambalo kanuni hazilitambui lakini mwenyekiti yeyote mwenye pua analijua. Mama mkwe alikuwa mahali pake mlangoni, kajitanda kanga mbili, miguu kainyoosha mbele. Nikafungua kikao.

Mke wangu alitoa hoja ya msingi: mama ahamie Kibaha, Mkuza, kwa binti yake. Aliitoa vizuri, bila kulia, nikajivunia. Dada yake akaunga mkono. Shemeji akasimama na taarifa, nikamwambia kwamba hiyo si taarifa, ni marekebisho, akafurahi zaidi. Marekebisho yake yalikuwa kwamba mama ahamie Kibaha wakati wa masika tu, barabara inapokatika, kiangazi arudi kwake kwa sababu shamba bila mwenyewe huliwa na nguruwe. Wakabishana. Wengine wakasema mama si mbegu ya kupandwa na kung'olewa kila msimu. Wengine wakasema mtu mzima hahamishwi kabisa, na hao ndio niliowapa nafasi ya kusema mara nyingi zaidi. Sikuvunja kanuni hata moja. Mwenyekiti anaruhusiwa kuona vidole anavyoviona.

Ndipo mjomba akasimama, akajishika kiuno, akasema mambo haya mazito hayaendeshwi mbiombio. Yeye anapendekeza wateuliwe watu watatu, wakakae na dada yake, yaani mama mkwe wangu, kwa utulivu, wamsikilize, walete majibu.

Dada yake alikuwa ameketi umbali wa kumgusa kwa fimbo. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikucheka, kwa sababu niliiona hoja hiyo ilivyo nzuri. Katika miaka yangu ishirini na sita sikuwahi kuona kitu kinachoua jambo kwa upole kama kamati ndogo. Nikaandika haraka: hoja ya tatu, kamati, imeungwa mkono. Sasa mezani zilikuwa tatu. Chini mama ahamie, juu yake masika tu, juu kabisa kamati.

Wakaanza kugombania nani awe kwenye kamati. Shemeji alitaka awemo, dada wa mke wangu akasema akiwemo yule basi naye awemo, mtu mmoja nyuma akauliza kama kamati italishwa. Saa saba ikapita. Toka jikoni mtu akagonga sufuria. Mjomba, ambaye ndiye aliyeileta kamati na ambaye hajawahi kuahirisha chakula kwa ajili ya binadamu yeyote, akainua mikono yake miwili akasema kwa sauti ya kukata, "Jamani, tumesema vya kutosha. Al-Fatiha!"

Kila mtu akainua mikono. Ndivyo ilivyo: huwezi kumwambia mtu asubiri Fatiha ipigiwe kura. Vichwa vikainama, midomo ikaanza kwenda, na pale chini ya turubai pakawa kimya. Mimi, kwa kuwa si wa dini yao, niliweka kalamu chini nikafumbata mikono kwa adabu, kama ninavyofanya siku zote. Kwa hiyo kati ya watu thelathini na kitu, nilidhani macho yaliyokuwa wazi ni mawili tu, na yote ni yangu.

Nikaona mlangoni kidole kimenyooka.

Alikuwa amekinyoosha kabla ya Fatiha, nadhani, au pamoja nayo. Kidole kimoja, sawasawa kabisa kama nilivyowafundisha, mkono umetoka nje ya kanga. Alikuwa ananitazama. Katika miaka yote ile sidhani kama tulikuwa tumewahi kutazamana usoni hata mara moja, na sasa alikuwa ananitazama moja kwa moja, mwenye jambo, ambaye kwa desturi yao ndiye wa kusema mwisho na kwa kanuni zangu bado alikuwa na haki ya kusema juu ya hoja mbili kati ya tatu. Nilikuwa natakiwa kusema neno moja tu baada ya "Amin". Ningesema, "Bado mama." Hata mjomba angekaa.

Nikatazama karatasi yangu. Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe, ambayo nilikuwa nimeshaiandika.

Nilipoinua macho, kidole kilikuwa kimeungana na vidole vingine, viganja viwili vimefunguka mbele ya kifua chake, anasoma Fatiha pamoja na watu wote. Wakajipangusa uso. Wakaenda kula. Pilau lilikuwa zuri, nikaongeza.

Nyumbani nikaandika muhtasari, na bado nauona kuwa ni mmoja wa mihtasari yangu bora. Uliisha hivi: "Baada ya mjadala mrefu na wenye tija, kikao kilifungwa kwa dua." Sentensi hiyo haina kosa la kisheria wala la kidini. Haina pia uamuzi wowote, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Mke wangu alikuwa anaamini hoja yake imepita, kwa kuwa Fatiha ilisomwa na baada yake hakuna aliyeipinga. Shemeji alipiga simu kuuliza masika tutamchukua mwezi gani. Mjomba alikuwa anasubiri kamati ianze, ila hakuna aliyekuwa anajua wajumbe wake. Watu watatu, maamuzi matatu, dua moja. Nilimweleza mke wangu kwamba kiutaratibu hakuna kilichopita, hoja zote zinaning'inia, na haifai kumhamisha mtu kwa hoja inayoning'inia. Nilieleza vizuri, na nikachora sahani tatu nyuma ya bahasha.

Vuli ikanyesha. Mama akaanguka njiani akitoka kisimani, akaumia nyonga, si sana. Tukaambiwa baada ya wiki mbili, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mke wangu hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo nilikwenda mimi peke yangu, na dawa za mama kwenye mfuko wa nailoni. Nikaegesha mbali, nikakohoa. Hakutokea mtu. Nikakohoa tena, mpaka sauti yake ikatoka ndani ikisema, "Wewe mkwe utatapika mapafu. Pita."

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikageuka upande kidogo, naye akageuka upande wake, tukawa tunazungumza na kuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Za Mkuza?"

"Nzuri. Pole sana."

"Nimeshapoa." Akasogeza mguu kwa mikono yake miwili. "Ule muhtasari wako, uliandikaje?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia niliandika kwamba kikao kilifungwa kwa dua.

"Na mimi uliniandika?"

"Nimekuandika, mama. Kwenye waliohudhuria."

Akacheka, akacheka kweli, mpaka akashika nyonga. Nikacheka na mimi, kwa unafuu, nikidhani mambo yamekwisha. Alipomaliza kucheka akasema, bila kugeuza uso wake:

"Mimi siku ile nilikuwa na neno. Wanangu najua wanachotaka. Kaka yangu namjua, yule anataka kula. Nilitaka nikuulize wewe, mbele yao, maana nyumba ni yako, na binti yangu ameshanieleza kwenu haya mambo yalivyo mazito. Hapa nimechoka, baba. Nikianguka hakuna wa kuniinua mpaka apite mtu wa kuni. Nilitaka niseme, nitakwenda Kibaha mkwe wangu akiniambia karibu kwa kinywa chake. Basi, ni hilo tu. Nikanyoosha kidole. Ukaniona. Ukainama ukaandika. Nikajua nimeshajibiwa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na mimi nimekaa kwenye vikao ambavyo vingestahili kuaibisha wengi. Huyu mwanamke ndiye aliyesema maneno machache yaliyonipa mke. Hakukuwa na mjomba wala Fatiha wala kamati. Mjadala ulikuwa wazi kabisa, tuko wajumbe wawili, na alichotaka ni neno moja ambalo Waswahili humwambia hata muuza vitumbua.

"Karibu, mama," nikasema.

Lakini sikulisema mara ile ile. Kabla halijatoka niliiona tena ile korido, nikaona hatua tisa, nikahesabu kama fundi angeweza kutoboa mlango wa pili wa bafu kupitia stoo. Ni muda mfupi. Mtu mwingine asingeuhisi. Yeye alikuwa amekaa vikao vya ukoo tangu msichana akisikiliza kinachosemwa baina ya maneno ya watu.

"Ahsante, baba," alisema. "Nimesikia." Na akaniuliza kama mvua zimenyesha vizuri upande wa Kibaha.

Aliagiza watu wakanijazia mihogo kwenye buti ya gari, mingi kuliko tunavyoweza kula. Sikuongea tena kuhusu kuhama, naye hakuongea. Niliporudi, mke wangu alimpigia simu mbele yangu, kaweka sauti ya wazi, akamwambia kwamba vikao basi, kanuni basi, Jumamosi anakuja kumchukua mwenyewe. Nikasikia sauti ya mama mkwe wangu, nyepesi, yenye kicheko kidogo, ikisema hapana, mwanangu, mimi huku kwangu nimeshapazoea, niacheni.

Mke wangu alibembeleza, akagomba, akakata simu, akalia. Aliniambia mama yake ana ukaidi ambao hajawahi kuuona kwa mtu. Kila akirudi kutoka Vihingo ananiambia tena. Huwa namwitikia. Mpaka leo anaamini kwamba aliyekataa ni mama.